Maji ya Bwaise Yazuiwe Vilimani

Mvua kubwa inyeshapo Kampala, Bwaise katika eneo la Kawempe hufurika maji yatokayo vilimani. Paa la mita 100 za mraba, likipata milimita 20 za mvua, humwaga lita 2,000.

Ni wajibu wa walioko juu, wakiwamo wenye kambi za jeshi na polisi, kuchimba bustani za mvua: bonde dogo la sentimita 15, mita 3 kutoka ukutani, lenye nyasi za mizizi mirefu ifunguayo udongo. Shimo la majaribio lisipokauka kwa siku moja, patafutwe pengine, kwani maji yakituama huzaa mbu. Bwaise kwenyewe, maji ya ardhini yako karibu mno, bustani haitafaa. Adui hukabiliwa mlimani, hasubiriwi bondeni.