Fahamu: Maumivu sugu na mgongo wa fundi wa Matondoni

Matondoni, kisiwani Lamu, panajulikana kwa mafundi wa majahazi. Kazi yao ni ya kuinama: kuchonga mbao kwa tezo, kuzungusha keekee, kukalafati chombo fundi akiwa amechuchumaa. Wanawake nao huketi chini saa nyingi wakisuka majamvi. Mgongo ndio huumia.

Maumivu yakizidi miezi 3 huitwa sugu, na hapo mambo hubadilika. Maumivu mapya ni onyo kwamba mwili umeumia. Yaliyo sugu huweza kuendelea hata jeraha likishapona, kwa kuwa mishipa ya fahamu na ubongo vimekuwa vyepesi mno kuhisi. Kwa hiyo eksirei safi si ushahidi kwamba mgonjwa anasingizia. Naziomba familia zilishike hili, maana kutoaminiwa nyumbani ni mateso juu ya mateso.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno mwaka 2020. Mwongozo wake wa Desemba 2023 unapendekeza mazoezi na elimu kwa mgonjwa. Mikanda ya kiuno haupendekezi. Nayo dawa ya maumivu ya diklofenaki, ikimezwa kila siku bila ushauri wa daktari, huweza kutoboa tumbo na kuharibu figo.

Fundi abadilishe mkao mara kwa mara, arudi kazini taratibu, asilale kutwa. Lakini akipata ganzi sehemu za siri, miguu ikilegea au mkojo ukimshinda, apelekwe Hospitali ya King Fahd mjini Lamu siku hiyohiyo.