Mchoro wa Mtoto Kwenye Ukuta wa Sebule

Sebule za nyumba nyingi katika eneobunge la Kwanza, kaunti ya Trans-Nzoia, na katika kaunti jirani ya Bungoma, huwa na ukuta mmoja unaotumiwa kwa uangalifu, ambapo hutundikwa picha ya harusi, picha ya mahafali, kalenda ya mwaka na picha ya mzee aliyefariki, hivi kwamba mgeni anayekaribishwa chai hutambua, kabla hajaambiwa, ni nani wanaoheshimiwa humo. Kazi za watoto hazipati nafasi hapo mara nyingi. Michoro huishia kuwashia jiko na ng'ombe wa udongo hukanyagwa uani, ingawa kazi hizo ni kumbukumbu halisi ya jinsi akili ya mtoto inavyokua, na zinastahili kukaa pamoja na picha za watu wazima.

Suala hili limepata uzito zaidi tangu mwaka 2019, Kenya ilipoanza kutekeleza kitaifa Mtaala wa Umilisi, yaani mfumo wa elimu unaopima kile mwanafunzi anachoweza kutenda na si kile anachokariri pekee. Mfumo uliotangulia wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, uliishia katika hali ambapo sanaa haikutahiniwa katika mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, na wazazi wengi wakazoea kuuona uchoraji kuwa mchezo wa kupitisha wakati. Sasa kazi za sanaa huhifadhiwa shuleni katika potfolio, yaani jalada linalokusanya kazi za mwanafunzi ili kuonyesha hatua alizopiga. Jalada hilo humfaa mwalimu. Ukuta wa nyumbani, kwa upande wake, humthibitishia mtoto kwamba jamaa zake wameiona kazi yake na kuithamini.

Thamani hiyo haitegemei uzuri wa mchoro. Viktor Lowenfeld, mwalimu wa sanaa mzaliwa wa Austria aliyefundisha Marekani, alieleza katika kitabu alichochapisha mwaka 1947 kwamba uchoraji wa watoto hupitia hatua zinazofuatana: kwanza mikwaruzo, takriban kati ya miaka 2 na 4, kisha watu wenye kichwa kikubwa ambacho miguu huchomoza moja kwa moja kutoka kwacho, na baadaye, karibu na umri wa miaka 7, mstari wa ardhi, yaani mstari mmoja chini ya karatasi ambao juu yake husimama watu, miti na nyumba. Mtoto wa umri huo huchora anachokijua na anachokiona kuwa muhimu, kwa hiyo anayechora mahindi marefu kuliko nyumba, au jiko na sufuria vikionekana kana kwamba ukuta ni wa kioo, hajakosea, na mzazi hana sababu ya kumsahihisha.

Namna ya kuzitunza kumbukumbu hizo inaweza kujifunzwa karibu, katika Jumba la Makumbusho la Kitale. Hugh Stoneham, mlowezi aliyependa elimu ya viumbe, alianzisha makumbusho yake binafsi mwaka 1926, na baada ya kifo chake mwaka 1966 mikusanyo yake ikawa msingi wa jumba lililofunguliwa mjini humo mwaka 1974. Kanuni ya makumbusho yoyote ni kwamba kipepeo aliyechomwa pini bila maandishi ni mdudu mkavu tu, bali akiandikiwa mahali na tarehe aliyokamatwa huwa ushahidi. Vivyo hivyo, nyuma ya mchoro paandikwe jina la mtoto, umri wake, tarehe, na maneno yake mwenyewe anapoombwa, "Hebu nieleze mchoro wako", ombi ambalo humfungua kinywa kuliko swali, "Hiki ni nini?"

Utundikaji wenyewe hauhitaji gharama. Uzi wa katani ukifungwa kati ya misumari miwili, kwa kimo cha macho ya mtoto, hushika michoro kwa vibanio vya nguo, na katika nyumba ya udongo misumari hiyo ipigiliwe kwenye nguzo ili plasta isibomoke. Gundi ya unga iepukwe, kwa kuwa huvuta mende na panya. Mahali panapopigwa na jua paepukwe pia, kwa kuwa rangi hufifia, sawa na mahali penye moshi wa kuni au mabati yanayotoa unyevu usiku. Ng'ombe wa udongo na akaushwe polepole kivulini ili asipasuke, kisha awekwe kwenye rafu pamoja na gari la waya.

Kila mtoto wa nyumba apewe nafasi yake bila kulinganishwa na ndugu yake, achague mwenyewe kinachotundikwa, na mchoro mpya unapokuja ule wa zamani uhamie kwenye bahasha badala ya jikoni. Baada ya miaka mitano, michoro ya bahasha hiyo ikipangwa mezani kwa tarehe zake, yule mtu wa kichwa chenye miguu ataonekana akipata kiwiliwili, kisha shingo, kisha vidole vitano katika kila mkono.