Linda Chemchemi, Linda Afya

Watu wa Newala wanaijua taabu ya maji. Vijiji viko juu, maji yako chini. Kwa nini?

Udongo wa juu ya uwanda wa Makonde ni wa mchanga. Mvua ikinyesha, maji huzama. Hutembea polepole ardhini, kisha hutokea chini ya mteremko. Hapo ndipo penye chemchemi. Chemchemi za Mbwinji, wilayani Masasi, hupeleka maji mpaka miji ya Masasi na Nachingwea.

Miti ya mteremkoni ikikatwa au kuchomwa, maji ya mvua hayazami vizuri. Hutiririka kwa nguvu, yakibeba udongo na kinyesi. Chemchemi hujaa matope. Kiangazi kikifika, maji hupungua. Akina mama huchota maji machafu dimbwini. Ndipo huja kuhara, homa ya matumbo na kipindupindu. Watoto wadogo ndio huumia zaidi.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Mita 60 ni kama hatua 80 za mtu mzima.

Nani atalinda? Kumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi. Walisikiliza redio, wakasoma vijitabu, wakachimba vyoo. Nasi tunaweza. Fanyeni hivi:

1. Wanafunzi na mwalimu wapime hatua 80 kuzunguka chemchemi. Waweke alama za mawe.

2. Kijiji kifanye mkutano. Mwenye bustani ndani ya alama aelezwe kwa upole, na atafutiwe mahali pengine. Naye ana watoto wa kulisha.

3. Mvua zikianza, wanafunzi na wazazi wapande miti ya asili, kama mkuyu. Msipande mikaratusi. Hunywa maji mengi.

4. Nyasi zikianza kukauka, fyekeni njia ya kuzuia moto.

5. Vyoo, kufua na kunywesha mifugo viwe mbali, upande wa chini wa chemchemi.

Hata chemchemi ikitunzwa, chemsha maji ya kunywa.

Ndugu msomaji, mwanao akipanda mti penye chemchemi, ataulinda. Ukienda na shoka, atakuuliza, "Baba, kesho tutakunywa nini?" Utamjibu nini?