Mwanafizikia aliyebadili uelewa wa madaktari kuhusu kisukari

INSULINI ilipoanza kutumika kwa wagonjwa mwaka 1922, madaktari wengi waliridhika na maelezo mepesi: anayeugua kisukari ni yule ambaye kongosho lake halitoi insulini ya kutosha.

Daktari Mwingereza Harold Himsworth alidokeza mwaka 1936 kwamba wapo wagonjwa ambao tatizo lao ni miili kutoiitikia insulini. Hata hivyo, homoni hiyo humo katika damu kwa kiasi kidogo mno, na kipimo cha kuaminika cha kuipima hakikuwapo.

Aliyekipata, akishirikiana na mwenzake, hakuwa daktari. Rosalyn Yalow alikuwa mwanafizikia, aliyezaliwa Bronx, New York, mwaka 1921. Alipokaribia kuhitimu masomo ya chuo alikubali kazi ya ukatibu muhtasi kwa mwanasayansi mmoja, kwa kuwa ilionekana vigumu mwanamke kupata nafasi ya kusomea fizikia.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipowachukua wanaume, Chuo Kikuu cha Illinois kilimpokea mwaka 1941. Miongoni mwa wahadhiri na wasaidizi wao wapatao 400 katika kitivo chake, mwanamke alikuwa yeye peke yake. Alipata shahada ya uzamivu mwaka 1945.

Miaka miwili baadaye alianza kazi katika hospitali ya wanajeshi wastaafu ya Bronx, ambako stoo ya vifaa vya usafi iligeuzwa maabara. Mwaka 1950 aliungana naye Dk. Solomon Berson, na ushirikiano wao ulidumu miaka 22.

Wakati huo ilikuwapo dhana kwamba katika kisukari cha watu wazima insulini huharibiwa upesi mno mwilini. Ili kuijaribu, watafiti hao waliambatanisha insulini na iodini yenye mionzi, wakawadunga watu na kufuatilia ilivyokuwa ikitoweka katika damu.

Matokeo yalikuwa kinyume. Kwa watu waliowahi kutibiwa kwa insulini, homoni hiyo ilikawia kutoweka. Sababu ni kwamba insulini ya siku zile ilitoka kwa ng'ombe na nguruwe, na miili ya wagonjwa ilikuwa imetengeneza kingamwili zilizoing'ang'ania.

Wataalamu hawakukubali. Waliamini protini ndogo kama insulini haiwezi kuamsha kingamwili, na mwaka 1955 jarida moja la kitabibu liliikataa ripoti hiyo. Ilichapishwa mwaka 1956, baada ya waandishi kuondoa neno kingamwili katika kichwa cha habari. Yalow aliitunza barua ya kukataliwa, na miaka zaidi ya 20 baadaye aliionyesha katika mhadhara wake wa Tuzo ya Nobel.

Kutokana na ugunduzi huo uliobezwa kilizaliwa kipimo. Mfano wake ni daladala yenye viti vichache. Kingamwili ndizo viti. Insulini yenye mionzi ni abiria waliovaa sare. Insulini ya mgonjwa ni abiria wasio na sare. Kadiri wasio na sare wanavyozidi, ndivyo wenye sare wanavyokosa viti. Kwa kuhesabu mionzi iliyobaki vitini, mtaalamu hujua damu ina insulini kiasi gani, hata ikiwa ni chembe tu.

Kipimo hicho, kilichokamilika kati ya mwaka 1959 na 1960, kiliwashangaza madaktari. Wagonjwa wengi waliopata kisukari ukubwani walikuwa na insulini, na baadhi yao walikuwa nayo nyingi kuliko watu wenye afya. Homoni ilikuwapo, mwili ndio uliokuwa haiitiki.

Tofauti hiyo si ya vitabuni tu. Mgonjwa wa aina ya kwanza hawezi kuishi bila insulini. Wa aina ya pili aghalabu huanza kwa kupunguza uzito, mazoezi na dawa kama metformin, ingawa kongosho likichoka kwa miaka naye huweza kuhitaji sindano.

Berson alifariki dunia ghafla mwaka 1972, na Nobel haitolewi kwa marehemu. Yalow aliomba maabara ipewe jina la mwenzake, ili kila utafiti utakaotoka hapo uendelee kulibeba. Alipopata Nobel ya tiba mwaka 1977, alikuwa mwanamke wa pili kuipata, baada ya Gerty Cori mwaka 1947. Alifariki dunia mwaka 2011.

Wawili hao hawakukata hataza ya kipimo chao, japokuwa kingeweza kuwatajirisha. Maabara za nchi nyingi zilikitumia kupima homoni nyingine na kuchunguza virusi vya homa ya ini katika damu ya kuongezewa wagonjwa. Mwaka 1971 wanasayansi wa Sweden walitumia kimeng'enya mahali pa mionzi, na njia hiyo, iitwayo ELISA, ndiyo iliyokuja kutumika katika vipimo vya kwanza vya VVU vya maabara.