Kwa Baisikeli Kuzunguka Milima ya Mpakani

Kila likizo inapokaribia, wengi wetu huulizana wapi pa kwenda na baisikeli. Kwa kawaida mtu huchagua barabara tambarare, akafika mapema, wala asione jambo la kusimulia. Makala hii yataka kueleza njia nyingine, iliyo ngumu zaidi, lakini yenye mengi ya kuonwa na ya kujifunza. Ni njia ya milima ya mpaka wa Uganda na Rwanda. Yaanza Kabale, yapita Kisoro, yavuka mpaka Cyanika, yafika Musanze (mji uliokuwa ukiitwa Ruhengeri mpaka mwaka 2006), yaendelea hata Kigali, kisha yarudi Kabale kwa kupitia Gatuna. Mzunguko wote ni kiasi cha kilometa 320, nayo ni barabara ya lami. Mtu mwenye afya, asiye na haraka, aweza kuumaliza kwa siku tano, akiwa na siku moja ya kupumzika Kigali.

Kwanza tuseme juu ya baisikeli yenyewe, maana katika nchi hii kilima ndicho mwalimu.

Kupanda na Kutelemka

Baisikeli ya gia moja, kama zile za kuchukulia mizigo, mara nyingi ina meno 48 mbele na meno kama 19 nyuma. Pedeli ikizunguka mara moja, gurudumu la nyuma huzunguka mara mbili na nusu. Hiyo ni nzuri sana uwandani, lakini kilimani magoti hulia. Baisikeli ya gia nyingi yaweza kuwa na meno 34 mbele na 32 nyuma. Hapo pedeli ikizunguka mara moja, gurudumu nalo huzunguka mara moja na kidogo tu. Mwendo ni wa polepole, lakini mtu hukwea akiwa ameketi na pumzi yake ingalipo. Mwenye gia moja asione aibu kushuka na kusukuma. Wenyeji wanaopeleka viazi vya Kizungu sokoni husukuma kila siku, na hakuna awachekaye.

Walakini si kupanda kunakoua watu, ni kutelemka. Tufanye hesabu ndogo ya fizikia. Mtu na baisikeli yake wana uzito wa kilo 80, nao wanatelemka mita 400. Nguvu inayotoka hapo ni kiasi cha jouli 314,000. Nguvu hiyo yatosha kutia moto lita moja ya maji baridi hata ikaribie kuchemka! Mtu akienda polepole huku akibana breki, sehemu kubwa ya moto huo huingia katika vile vipande vya mpira vya breki na katika rimu. Mpira ukipata moto sana hulainika, na breki iliyokuwa ikishika juu ya mlima haishiki tena chini yake.

Kwa hiyo mwendeshaji mwenye akili habani breki moja kwa moja toka juu hata chini. Hubana kwa nguvu kabla ya kona, kisha huachia ili upepo upoze rimu, kisha hubana tena. Hutumia breki zote mbili. Na akisikia harufu ya mpira unaoungua, husimama kando ya barabara hata rimu zipoe. Kabla ya safari atie vipande vipya vya breki, na vingine aviweke mfukoni pamoja na pampu, viraka na gundi.

Toka Kabale hata Kisoro

Kabale ni mji ulio juu, karibu mita 2,000 toka usawa wa bahari. Asubuhi ni baridi, na ukungu hulala mabondeni. Kilometa chache toka mjini liko Ziwa Bunyonyi lenye visiwa vyake vingi. Katika kisiwa kimoja, Bwama, wagonjwa wa ukoma walitunzwa toka miaka ya 1930. Leo wanafunzi husoma hapo.

Barabara ya Kisoro ni kiasi cha kilometa 80. Yapita Hamurwa, yafika Muko upande wa kaskazini wa ziwa, ndipo yaanza kupanda kwa kweli katika msitu wa Echuya wenye mianzi mingi. Njia nzima mtu huona matuta yaliyokatwa vilimani kama ngazi. Matuta hayo si mapambo. Watu ni wengi na ardhi ni haba, na mvua ikikuta kilima kitupu huchukua udongo wote bondeni. Zamani ardhi ilikuwa imesongamana hata mwaka 1946 serikali ya wakati ule ikaanza kuwahamishia watu wa Kigezi katika nchi nyingine zenye nafasi.

Ukiisha kutoka msituni unafika kwenye pengo la Kanaba, mahali palipo zaidi ya mita 2,300 juu. Hapo shuka, pumzika, utazame. Mbele yako yamesimama majabali ya volkeno: Muhabura wenye mita 4,127, Gahinga mdogo wake, na Sabinyo mwenye vilele kama meno ya mzee. Katika kilele cha Sabinyo nchi tatu zakutana: Uganda, Rwanda na Kongo.

Namna Mpaka Ulivyokatwa

Hapo Kanaba ndipo mahali pazuri pa kueleza habari za mpaka. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani walipogawana nchi hizi, waliandika katika mkataba wao kwamba mlima uitwao Mfumbiro usiwe katika sehemu ya Wajerumani. Lakini mahali ulipo mlima huo hapakujulikana hasa! Yakaja magomvi ya miaka mingi, nao Wabelgiji wa Kongo wakaingia katika shauri. Mwisho wajumbe wa nchi hizo tatu walikutana Brussels, wakapatana mwezi wa Mei mwaka 1910. Mwaka 1911 wapimaji wakaja kutia alama za mpaka juu ya milima.

Wenyeji hawakuulizwa. Nchi ya Bufumbira, ndiyo Kisoro ya leo, ilikuwa imefungamana na ufalme wa Rwanda, na lugha yake hata sasa ni karibu sawa na Kinyarwanda. Mstari ukapita katikati ya mashamba na jamaa. Mwaka huo huo wa 1911 Waingereza walimkamata Muhumusa, yule mwanamke mashuhuri aliyewaongoza watu kuwapinga kwa jina la Nyabingi. Walimpeleka Kampala, naye hakurudi kwao. Alifia huko mwaka 1945.

Basi utelemkapo toka Kanaba kwenda Kisoro, kumbuka hesabu ya breki. Kona ni nyingi, na malori yapo.

Kuvuka Cyanika

Toka Kisoro hata mpakani ni kama kilometa 12, chini ya Muhabura. Udongo ni mweusi wa volkeno, na mawe yamepangwa marundo marundo mashambani ili viazi na maharagwe vipate nafasi. Raia wa Uganda, Kenya na Rwanda wameruhusiwa toka mwaka 2014 kuvuka kwa kitambulisho cha taifa. Mwanafunzi asiyekuwa nacho aulize mapema katika ofisi ya uhamiaji, asingoje kuulizwa mpakani.

Hapa ndipo penye jambo kubwa kuliko yote katika makala hii. Uganda magari hupita upande wa kushoto. Rwanda hupita upande wa kulia. Mlima ni ule ule, udongo ni ule ule, lakini mtu akiisha kupita lango, upande wake wa jana ndio upande wa kifo leo. Wala hatari si kubwa pale langoni, kwa kuwa hapo kila mtu yu macho. Hatari ni kesho yake asubuhi, mtu akitoka alikolala na kuingia katika barabara tupu. Miguu huenda upande iliouzoea. Gari hutokea kwenye kona, naye yuko mbele yake. Kwa hiyo kila mara upandapo baisikeli upande wa pili wa mpaka, jiambie kwa sauti: “Kulia!” Mkiwa wengi, kiongozi aseme na wote waitikie. Watu wakicheka, na wacheke.

Saa nayo hubadilika. Rwanda iko nyuma ya Uganda kwa saa moja. Jua huchwa Kisoro kama saa moja ya jioni, lakini Musanze, kilometa chache tu mbele, husemwa limekuchwa saa kumi na mbili. Jua ni lile lile. Aliyebadilika ni mwenye saa. Ukizoea kufika kabla ya saa moja, ukiwa Rwanda ufike kabla ya saa kumi na mbili, maana kuendesha usiku katika milima hii ni kujitafutia msiba.

Musanze, Kigali, Gatuna

Toka Cyanika hata Musanze ni kama kilometa 25. Mji huu wajulikana sana kwa waendesha baisikeli, kwani ndipo ilipofundishwa timu ya Rwanda na Jock Boyer, Mmarekani wa kwanza kushindana katika mbio kuu za Ufaransa, mwaka 1981. Mmoja wa wanafunzi wake, Adrien Niyonshuti, aliendesha baisikeli katika Olimpiki ya London mwaka 2012.

Toka Musanze hata Kigali ni karibu kilometa 100. Barabara yapanda na kutelemka mara nyingi, hupita Nyirangarama, kisha yapanda Shyorongi na kuanguka hata Nyabugogo. Katika Kigali yenyewe, mwezi wa Septemba mwaka 2025, yalifanyika mashindano ya baisikeli ya dunia, mara ya kwanza katika Afrika. Wanaume walikwenda kilometa 267.5, wakapanda jumla ya mita zaidi ya 5,400. Waliofika mwisho ni 30 tu, na wa kwanza alikuwa Tadej Pogačar wa Slovenia. Basi wewe ukiona vilima vya Kigali vimekushinda, jua umeshindwa pamoja na mabingwa.

Kutoka Kigali kwenda Gatuna ni kama kilometa 80. Bonde la Mulindi limejaa chai, kijani kitupu. Hapo palikuwa makao makuu ya RPF katika vita vilivyoanza Oktoba 1990, na leo pana makumbusho ya habari hizo.

Kisha Gatuna. Lango hili lilifungwa mwezi wa Februari 2019 kwa sababu ya ugomvi wa serikali mbili, likafunguliwa tarehe 31 Januari 2022. Karibu miaka mitatu, watu wenye shangazi, mashamba na soko upande wa pili walitazama vilima vya jamaa zao wasiweze kuvifikia. Ukivuka kwa dakika chache, ukumbuke hayo. Tena ukiisha kuvuka, jiambie: “Kushoto!” Kabale ni kilometa 22 tu mbele.

Neno la mwisho ni juu ya Bunagana. Toka Kisoro kuna barabara fupi ya kwenda Kongo, nayo huvuta macho. Mji huo ulitwaliwa na waasi wa M23 mwezi wa Juni 2022. Vijana wasiende huko kwa matembezi. Volkeno huonekana vizuri vile vile toka Kisoro.

Milima hii ilikuwapo kabla ya mistari kuandikwa Brussels, na watu wake husalimiana juu ya mstari kila siku ya soko. Mwenye baisikeli huenda polepole, kwa hiyo aweza naye kusalimu, kuuliza na kusikia. Kiswahili kitamfaa pande zote mbili. Rwanda imekifanya lugha ya serikali toka mwaka 2017. Basi, tazameni breki zenu, mjue upande wenu wa barabara, na mwende salama.