Shahidi wa Mawe Asibomolewe

Kila nipandapo matatu kutoka Kangemi kwenda katikati ya Nairobi, huwaona wanafunzi wakichungulia dirishani kuitazama barabara ya juu iliyofunguliwa mwaka wa 2022, itokayo Mlolongo hadi Westlands. Wanaistaajabia, nami siwalaumu. Lakini tufikapo barabara ya Kenyatta, wanafunzi hao hao hulipita jengo la Kipande bila hata kulitupia jicho. Hapo ndipo moyo huniuma.

Jengo hilo la mawe lilisimamishwa mwaka wa 1913, miaka 14 tu baada ya reli ya Mombasa kufika Nairobi. Baadaye Waafrika waliandikishwa humo na kupewa vipande. Kipande kilikuwa cheti chenye alama za vidole na habari za kazi ya mtu. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alilazimishwa kukibeba, na wengi walikining'iniza shingoni ndani ya kijikasha cha bati. Aliyekutwa bila hicho aliadhibiwa. Harry Thuku alipinga dhuluma hiyo, na alipokamatwa mwaka wa 1922, umati uliodai aachiliwe ulimiminiwa risasi. Zaidi ya watu 20 walikufa, Mary Muthoni Nyanjiru akiwa miongoni mwao.

Leo jengo hilo ni benki. Wapo wasemao kwamba majumba ya mkoloni hayana maana, afadhali yabomolewe tujenge maghorofa. Nawapinga. Jengo halikutenda dhambi, lilishuhudia tu. Tukimwondoa shahidi, kesi yetu tutaithibitishaje mbele ya watoto wetu?

Katika barabara iyo hiyo zipo sanamu tatu za shaba za mwaka wa 1928, mojawapo ikiwa ya mpagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza. Wapagazi waliangamia kwa maelfu, hasa kwa maradhi, na jina la kikosi chao limebaki katika mtaa wa Kariokor. Si mbali na hapo amesimama Dedan Kimathi, ambaye sanamu yake ilizinduliwa mwaka wa 2007.

Walimu wenzangu, hayo yote yaweza kutembelewa kwa miguu asubuhi moja, tukianzia kituo cha reli. Tuwapeleke wanafunzi wetu. Kipande walichokisoma darasani kwa ajili ya mtihani watakisahau upesi. Lakini aliyesimama mbele ya mlango ambao huenda babu wa babu yake aliuingia akiwa huru na kuutoka akiwa na bati shingoni, huyo hatasahau.