Magugu maji: namna ya kuzuia ua la bwawa lisikue kuliko bwawa lenyewe

Ni ua ambalo mtu hapiti bila kuliangalia. Rangi yake ni zambarau iliyofifia, na moja ya petali zake iko na doa la manjano katikati, kama jicho. Majani yanang'aa. Shina la kila jani limevimba kama kitunguu, na ndani yake mna hewa, ndiyo inayofanya mmea mzima uelee juu ya maji bila kushika udongo. Juu ya uzuri huo watu waliutoa kwenye mito ya Amerika ya Kusini, bonde la Amazon, wakaupeleka katika mabwawa ya bustani na matangi ya samaki wa mapambo karibu dunia nzima.

Kwa Kiswahili ni gugu maji. Wanaosema Kifaransa wanauita jasenti ya maji, na Kinshasa wanaosema Lingala wanaujua kwa jina la Kongo ya sika, maana yake Kongo mpya. Kweli mmea huu ni mgeni. Kwenye mto Kongo ulianza kuonekana mwanzoni mwa miaka ya 1950, na katika miaka michache tu ulikuwa umetambaa mamia ya kilomita. Leo visiwa vyake vinashuka na mto vikipita Pool Malebo, mbele ya Kinshasa na Brazzaville, mara ingine vikiwa vikubwa kiasi cha ndege kutua juu yake. Unapatikana pia kwenye ufuko wa kaskazini wa ziwa Tanganyika, na kwenye ziwa Victoria ambako uliwahi kufunga bandari.

Lakini tatizo la mwenye bwawa dogo la samaki halianzi na mto mkubwa. Linaanza na mmea mmoja ulioletwa kwenye ndoo, ati upambe bwawa, ao uwape samaki kivuli wakati wa jua kali. Je, mtu anaweza kuwa nao na kuuzuia usizidi? Inawezekana, ila inaomba hesabu ambayo watu wengi hawaifanyi.

Gugu maji halingojei mbegu ili lizae. Mmea mama unatoa mkono chini ya maji, na kwenye ncha ya mkono huo mtoto anaota, naye baada ya siku chache anatoa mkono wake. Maji yakiwa ya joto na yenye rutuba, idadi inaweza kuongezeka mara mbili ndani ya wiki moja ao mbili. Tuseme ni wiki mbili. Mimea 10 inakuwa 20, halafu 40, halafu 80. Bado ni pambo. Wiki ya 20 ikifika, ni zaidi ya mimea 10,000.

Hapo ndipo watu wanadanganyika. Bwawa likiwa limefunikwa robo tu, mwenyewe anaona nafasi bado ni kubwa sana, kumbe zimebaki wiki nne lijae lote. Na akija kutoa nusu ya mimea, akachoka, akasema imetosha, amejipatia wiki mbili tu. Kazi ya siku nzima ndani ya matope, kwa wiki mbili! Akitoa tisa kwa kila kumi, anapata karibu wiki saba. Ndiyo maana kutoa kidogo kila wiki, tangu mimea ikiwa michache, ni kazi nyepesi kuliko kungoja kisha kuita vijana wa mtaa mzima na makasia. Mwenye bwawa anayetaka kweli kubaki na ua lake afadhali alifungie kwenye kona moja kwa fremu ya mianzi inayoelea, na kila kinachovuka fremu kitoke siku hiyo hiyo.

Ukubwa wa mmea wenyewe nao unasema jambo. Pale mimea iko michache na maji yako wazi, inabaki mifupi, na vitunguu vyake vimevimba. Ikibanana inaacha kuvimba, mashina yanakuwa marefu na membamba kutafuta mwanga, na yanaweza kufika mita moja ya urefu. Ukitaka kujua maji yako yana chakula kiasi gani, ng'oa mmea mmoja uangalie chini: mizizi mirefu inaonyesha maji maskini, mizizi mifupi chini ya majani makubwa ya kijani kibichi inaonyesha maji yaliyoshiba. Na maji yanashiba kwa nini? Kwa mbolea inayoshuka kutoka mashambani, samadi, chakula cha samaki kilichozidi, na maji machafu ya nyumba. Anayemwaga samadi ya nguruwe bwawani kila asubuhi kisha akashangaa kwamba magugu hayaishi, yeye mwenyewe ndiye anayeyalisha.

Hasara kwa samaki inaeleweka haraka. Majani yakifunika maji, mwanga haupiti, na vile vijimea vidogo vya kijani vinavyotoa oksijeni vinakufa. Majani yaliyozeeka yanazama, yanaoza, na kuoza huko kunakula oksijeni iliyobaki. Asubuhi mapema, kabla jua halijatoka, tilapia wanaonekana juu wakifungua midomo. Tena mizizi ni makao mazuri ya konokono wanaobeba kichocho, na maji yaliyotulia kati ya majani ni mazuri kwa mbu. Ni haki kusema pia kwamba si kila mvuvi anauchukia mmea huu: pembeni mwa visiwa vyake samaki wadogo wanajificha, na kambare na kamongo wanavumilia maji yasiyo na hewa. Lakini mvuvi huyo huyo ndiye anayeshindwa kupitisha mtumbwi ao kuutoa wavu wake.

Swali linalosahaulika ni hili: mimea iliyotolewa inaenda wapi? Wengi wanaitupa kwenye mfereji, na mvua ya kwanza inaipeleka mtoni. Bwawa likiwa kwenye mteremko juu ya Ruzizi, njia ya kufika ziwa Tanganyika si ndefu. Ulaya walilifahamu jambo hilo. Tangu 2016 Umoja wa Ulaya umekataza kuuza na kufuga gugu maji, hata kwenye maduka ya samaki wa mapambo ambako lilikuwa bidhaa ya kawaida kila kiangazi. Mimea iliyotolewa iwekwe mahali pakavu, mbali na maji, iachwe ikauke kabisa juani. Isishangaze rundo likipotea: karibu sehemu 95 kati ya 100 za mmea huu ni maji, hivyo kilo 100 zilizobebwa kwa shida zinabaki kilo 5 hivi.

Hiyo ndiyo inapunguza ndoto za wale wanaosema magugu maji ni utajiri. Kamba zake zilizokaushwa zinasukwa vikapu na viti, na vinapendeza. Mboji yake inasaidia shamba. Ni kazi halali, lakini hakuna ziwa lililosafishwa na wasusi. Na pale maji yanapotoka kwenye migodi, kama sehemu nyingi za Lubumbashi na Kolwezi, tahadhari inahitajika zaidi, kwa sababu mmea huu unafyonza metali nzito na kuziweka ndani yake. Kuulisha nguruwe ao mbuzi hapo ni kuwalisha uchafu wa mgodi.

Dawa za kuua magugu zilijaribiwa zamani. Serikali ya kikoloni ya Ubelgiji ilinyunyiza dawa aina ya 2,4-D kwenye mto Kongo katika miaka ya 1950. Mimea ilikauka, ikazama, na mingine ikarudi. Mto una vijito na vinamasi visivyohesabika, na mmea mmoja uliobaki nyuma unatosha. Kwenye bwawa la samaki dawa ni mbaya mara mbili, maana kila kitu kinakufa na kuoza kwa wakati mmoja, na jirani anachota maji hayo hayo ya kupikia.

Kilichofanya kazi kwenye maji makubwa ni wadudu. Kuna aina mbili za fukusi, ndugu za wale wanaotoboa mahindi stoo, wanaotoka kule kule mmea ulikotoka. Wakubwa wanakwangua majani, na watoto wao wanachimba ndani ya shina hadi maji yanaingia na mmea unaanza kuzama. Kabla ya kuachiliwa walipimwa kwa mimea mingi mingine, na chakula chao ni gugu maji. Benin waliwaachilia kuanzia 1991, na wataalamu waliokuja kupiga hesabu walikuta kila dola 1 iliyotumika ilirudisha faida ya zaidi ya dola 100. Uganda, Kenya na Tanzania nazo zikafuata. Kwenye ziwa Victoria magugu yalikuwa yamefunika karibu hekta 20,000 mwaka 1998, na miaka miwili baadaye sehemu kubwa ilikuwa imeondoka, ingawa mvua kali na mawimbi ya El Niño vilisaidia pia kuivunja. Congo-Brazzaville nao waliachilia wadudu wao.

Fukusi hawaui upesi. Inaomba miaka mitatu, minne, mitano. Mwanzoni kinachoonekana ni mimea kudumaa, majani yenye madoa, maua machache, watoto wachache. Na maji yakiwa yameshiba uchafu wa mji, mmea unaota haraka kuliko mdudu anavyokula. Ziwa Victoria limeona magugu yakirudi, hasa kwenye ghuba zinazopokea maji machafu.

Kwa mwenye bwawa, kazi ya mikono inabaki kuwa njia ya kwanza, na isiishe siku bwawa linapoonekana safi. Kila ua lililozaa limeacha mbegu chini, na mbegu hizo zinaweza kukaa kwenye matope miaka 15 ao zaidi zikiwa hai. Zinaota hasa maji yanapopungua na jua kufika kwenye tope. Hivyo bwawa likikaushwa kwa kuvua samaki, miche midogo ya kijani itokayo pembeni ing'olewe kabla ya kurudisha maji, na kingo zipitiwe tena kila wiki baada ya mvua za kwanza.